Tafakari ya juma: Tulipoishiwa pumzi



Wapendwa waamini, juma hili tunaomba ruhusa ya kuacha kidogo desturi yetu ya kufafanua masomo ya Dominika, ili tuwashirikishe jambo lililotupata sisi wenyewe. Wengi wenu mlilishuhudia kwa macho. Wengine mlilisikia kwa watu likiwa limekwisha kutiwa chumvi. Wapo waliosema Baba Paroko amerogwa kwa sababu ya mambo ya maduara, na wapo waliosema ameanguka kwa kufunga kupita kiasi. Ukweli ni mwepesi kuliko hayo, tena unatuaibisha zaidi. Tuliugua homa ya mapafu, ambayo madaktari huiita nimonia na wazee wetu huiita kichomi, na tuliiacha ikomae kwa ukaidi wetu.

Ilianza Julai 2024. Ninyi mnaoishi nasi katika ukanda huu wa dhahabu, toka Kahama hadi Geita, mnaufahamu mwezi huo. Mvua zimekwisha siku nyingi, alfajiri ina baridi, vumbi la barabara linafunika majani ya migomba, na kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo makarasha yanasaga mawe usiku na mchana. Ndio msimu ambao sisi mapadri huutumia kuzunguka vigangoni, kwa kuwa pikipiki hupita kila mahali. Tulikuwa na watoto wa Kipaimara wa kuwahoji, ndoa za kubariki, na michango ya ujenzi wa kanisa ya kuhimiza. Dominika nyingine tuliadhimisha Misa tatu katika vigango vitatu, tukarudi nyumbani usiku tukiwa wekundu kwa vumbi kama tofali.

Kikohozi kilikuja kama mafua. Tulinunua vidonge vya amoksilini dukani bila kupimwa, tukameza kwa siku mbili, homa ikashuka kidogo, na vilivyobaki tukaviweka kabatini kwa ajili ya siku nyingine. Mtawa mmoja, muuguzi wa zahanati, alitusikia tukikohoa akasema, "Baba, kikohozi hicho si cha mafua. Njoo upimwe." Tulimwahidi Jumatatu. Jumatatu ilipofika kulikuwa na mazishi. Jumatatu ya pili kulikuwa na kikao cha Halmashauri ya Walei. Kisha ukaja uchungu wa ubavuni, upande wa kulia, kama msumari unaogongwa kila tuvutapo pumzi. Tulijifunza kuvuta pumzi fupi ili usiamke. Wahenga walisema mganga hajigangi. Sisi tulikuwa tukiwahimiza ninyi kila Dominika kuwahi hospitali, na wenyewe tukawa tunalala tumeketi kitini, kwa sababu tukilala chali tulihisi kuzama.

Dominika ya tarehe 21 Julai 2024 tulisimama altareni hivyo hivyo. Mahubiri tuliyafupisha, na baadhi yenu mlifurahi. Tulipofika kwenye Utangulizi wa Sala ya Ekaristi hatukuweza kumaliza sentensi. Tulijaribu mara ya pili, pumzi ikakatikia katikati ya neno. Tunakumbuka ukimya wa kanisa zima, na mikono ya watumishi wa altare, watoto wadogo, ikitushika kiunoni. Kwa kuwa mageuzo hayajafanyika, Misa iliishia hapo. Katekista wetu aliinuka, akawaomba waamini wapige magoti, akaongoza Rozari huku sisi tukiingizwa katika gari la mfanyabiashara mmoja wa mpunga. Tulimsikia kwa nyuma akianza Salamu Maria, na katikati ya sala akakohoa. Hatukulitia maanani hilo. Tutalirudia.

Hospitalini walitubana kidoleni kifaa kidogo cha kupima oksijeni katika damu. Kilionyesha 84, wakati mtu mzima mwenye afya huwa na 95 au zaidi. Tulikuwa tukipumua mara 34 kwa dakika bila kujijua. Walituwekea bomba la oksijeni puani na dawa kwa njia ya mshipa, kisha wakatupeleka kupigwa picha ya kifua. Daktari, kijana ambaye kwa umri wake tungeweza kuwa tumemfundisha Komunyo ya Kwanza, aliinua picha ile dirishani akatuonyesha. Pafu lenye hewa huonekana jeusi. Sehemu ya chini ya pafu letu la kulia ilikuwa nyeupe kama ukungu wa asubuhi ziwani. Alitueleza kwa upole kwamba mapafu yana mamilioni ya vifuko vidogo mno vya hewa, na humo ndimo oksijeni inamoingia katika damu. Bakteria wakivivamia, vifuko hujaa usaha na majimaji, na mgonjwa huwa kama mtu anayezama nchi kavu. Akauliza tumekwisha kumeza dawa gani. Tulimwambia habari za zile siku mbili. Hakutukaripia. Aliandika tu, na kule kunyamaza kwake kulituuma kuliko karipio.

Usiku wa kwanza na wa pili tuliogopa kufa. Tunaliandika wazi, kwa sababu waamini hudhani padri haogopi. Tuliwahi kuketi kando ya vitanda vya watu wengi waliokuwa wakikata roho, na tulikuwa na maneno ya kuwaambia. Usiku ule maneno yote yalitukimbia. Tulijaribu kusali Masifu ya Usiku kwa kichwa, kwa kuwa tunayajua tangu seminari, tukapotea katika mstari wa pili. Tulijaribu Baba Yetu, tukashindwa kuifikisha mwisho. Mwishowe ilibaki pumzi ya neno moja, jina la Yesu, nusu yake tukivuta hewa na nusu yake tukiitoa. Hatujui kama hiyo ni sala ya kuwafundisha watu. Tunajua kwamba hatukuwa na nyingine.

Siku ya tatu alikuja padri mwenzetu wa parokia jirani kutupa Mpako wa Wagonjwa. Tulipomwona ameshika chupa ya mafuta moyo ulishtuka, kama moyo wa mwamini yeyote wa kijijini, ukadhani basi, mwisho umefika. Na sisi ndio tuliofundisha mara nyingi kwamba sakramenti hii si ya wanaokufa peke yao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipendekeza jina hilo la Mpako wa Wagonjwa badala ya Mpako wa Mwisho, na mwaka 1972 Papa Paulo VI alitoa utaratibu mpya wa kuiadhimisha. Mtume Yakobo, katika sura ya tano ya waraka wake, anamwelekeza mgonjwa awaite wazee wa Kanisa. Hasemi asubiri mpaka azimie. Mwenzetu alisali kwa ufupi, akatupaka mafuta kwenye paji la uso na viganjani, akatushika mkono akanyamaza. Tulimshukuru Mungu kwa ufupi ule. Tukakumbuka, kwa aibu, wagonjwa ambao tuliwahubiria robo saa nzima vitandani mwao, hali wao walikuwa wakihesabu pumzi zao.

Kitanda cha jirani alilazwa kijana mchimbaji, mzaliwa wa Shinyanga vijijini, aliyekuja upande wa Geita kutafuta riziki akiwa na miaka kumi na saba. Kazi yake ilikuwa kulisha karasha mawe. Naye alikuwa na nimonia, lakini daktari alisema chini ya nimonia ile yapo makovu ya vumbi. Mama yake alikuwa akimuuguza. Alikuwa mayu wa makamo, mwenye kushika mila za wazee, ambaye hakuwa Mkristo. Alikuwa amesafiri na kikapu cha michembe na chupa ya maziwa ya mgando. Alipoona mkono wetu unatetemeka na kijiko kinamwaga uji, alisogeza kigoda, akatwaa bakuli, akatulisha. Tulijaribu kukataa. Akasema, "Padri, kula. Wewe kwangu ni mwana tu." Tulikula. Kwa miaka mingi sisi ndio tuliokuwa tunagawa: Mkate, baraka, mashauri, hata karipio. Siku ile tulifumbua kinywa kama mtoto tukapokea kwa mama ambaye hakuwa hata katika daftari letu la ubatizo.

Usiku wa tano, kijana yule alipoona hatulali, alianza mazungumzo. Alitaka kujua parokia yetu. Tulipoitaja alicheka kidogo, akakohoa, kisha akasema, "Katekista wako tunasaga naye mawe. Anakohoa kuliko mimi. Ila akitaka kukohoa huenda kando. Anasema ulimkataza kukohoa kanisani."

Wapendwa, oksijeni ilikuwa ikiingia puani, lakini kwa muda kidogo tulikosa pumzi kabisa.

Ni kweli, tulimkataza. Ilikuwa Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2024. Wakati wa kusoma Mateso ya Bwana, katekista alishikwa na kikohozi kirefu, akasimama, akaendelea, akasimama tena. Baada ya ibada, katika sakristia, tulimwambia mbele ya wasomaji wengine kwamba asiyeweza kukitawala kifua chake aache masomo kwa wenye kuweza. Aliitikia, "Sawa, Baba." Hatukumuuliza kikohozi kimeanza lini. Hatukumuuliza analala vipi. Tulikuwa tunajua idadi ya mifuko ya saruji iliyobaki stoo, tulijua ni jumuiya ipi haijamaliza mchango wake, ila hatukujua kwamba mtu anayefundisha watoto wetu katekisimu jioni hushinda kutwa nzima ndani ya vumbi la karasha.

Tuliruhusiwa kutoka baada ya siku 11. Daktari alituagiza tumalize dawa zote na tupumzike majuma yasiyopungua manne. Tulikwenda kwa mama yetu mzazi, Shinyanga. Tulidhani nimonia huisha homa inapokwisha. Sivyo. Kutoka kitandani hadi mlangoni kulitosha kututoa jasho. Ndipo tulipotafakari lugha yetu yenyewe. Seminarini tulifundishwa kwamba katika Kiebrania neno moja hubeba maana ya pumzi, upepo na roho, na kwamba jina nimonia limetoka katika neno la Kigiriki la pafu. Hatukuhitaji kwenda mbali hivyo. Kiswahili kina pumzi na kina kupumzika, na yeyote anaona kwamba maneno hayo ni ndugu. Mtu akimnyima mwili wake mapumziko, anamnyima pumzi. Mungu alipoiweka siku ya saba hakuiweka kwa ajili ya walei tu.

Tuliporudi parokiani mwishoni mwa Agosti, mtu wa kwanza tuliyemwita ni katekista. Tulimwomba radhi. Alitazama chini akasema, "Baba, mimi sikutaka kukusumbua. Una kazi nyingi." Tulimuuliza kikohozi kina muda gani. Alijibu tangu mavuno ya mwaka uliotangulia, zaidi ya mwaka mzima. Usiku alitoka jasho la kulowesha shuka, na mkanda wake alikuwa amekwisha kuutoboa matundu mawili mapya. Kesho yake tulikwenda naye hospitali, wote wawili tukapima makohozi. Sisi hatukuwa na kifua kikuu. Yeye alikuwa nacho.

Amemeza dawa kwa miezi sita, bila kuruka siku, na bila kulipa senti, kwa maana matibabu ya kifua kikuu nchini mwetu hutolewa bure. Machi 2025 aliambiwa amepona kifua kikuu. Familia yake yote ilipimwa. Ametupa ruhusa tuyaeleze haya ili wengine wapone, nasi tumeona vema tusiandike jina lake. Lakini vumbi la mawe lililokwisha kuingia katika mapafu halitoki, na makovu yake hayana dawa. Vumbi hilo hudhoofisha pafu na kulifungulia mlango kifua kikuu. Hatarudi tena kwenye karasha. Hilo ndilo lililotulazimisha kujibu swali tulilolikimbia muda mrefu: alikwenda kule kwa nini? Alikwenda kwa sababu posho tuliyompa kwa mwezi haikutosha kununua debe la mahindi. Tulimwita mhimili wa parokia, na mhimili ule tulikuwa tunaulisha hewa.

Tulikuwa bado tunasubiri majibu yake ya mwisho Baba Mtakatifu Fransisko alipougua. Alipelekwa hospitali ya Gemelli, Roma, tarehe 14 Februari 2025, siku tatu baada ya Siku ya Wagonjwa Duniani, na ikaonekana ana nimonia katika mapafu yote mawili. Alikuwa na umri wa miaka 88, na mwaka 1957, akiwa kijana, alikuwa amekatwa sehemu ya pafu la kulia kwa sababu ya ugonjwa. Alilazwa siku 38. Tarehe 6 Machi ilisikika sauti yake, iliyorekodiwa, kabla ya Rozari katika Uwanja wa Mtakatifu Petro, akiwashukuru watu kwa Kihispania. Wengi mlisema sauti ile ilikuwa dhaifu mno, afadhali wasingeisikilizisha dunia. Sisi tuliitambua. Ni sauti ya mtu anayepima pumzi kabla ya kila neno. Angeweza kunyamaza mpaka apate nguvu, ili tumkumbuke akiwa imara. Alikubali tumsikie akiwa amechoka. Alitoka hospitali tarehe 23 Machi, akawabariki watu siku ya Pasaka, na kesho yake, tarehe 21 Aprili 2025, akaaga dunia kwa kiharusi. Bwana ampe pumziko la milele. Kwetu alituachia fundisho moja zaidi, kwamba mchungaji haoni haya kondoo wakijua kwamba naye ana mapafu.

Wapendwa, tusiishie katika masimulizi. Yapo mambo ambayo tunawasihi kwa jina la Kristo.

Akina mama na akina baba, mtoto akikohoa, mfungueni nguo mtazame kifua chake akiwa ametulia, na mhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akivuta pumzi mara 50 au zaidi, na wa mwaka 1 hadi 5 akivuta mara 40 au zaidi, ana dalili ya nimonia. Kifua kikibonyea kwa ndani kila avutapo hewa, msingoje asubuhi. Msimpeleke kukatwa kimeo, na msimchanje chale. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2019 nimonia iliua watoto zaidi ya 740,000 walio chini ya miaka mitano duniani. Tangu 2013 nchi yetu huwapa watoto wachanga chanjo ya kuwakinga na bakteria mkuu wa ugonjwa huu. Pelekeni watoto kliniki kwa tarehe zake.

Wazee na vijana, msinunue dawa bila kupimwa, na mkipewa dozi imalizeni. Vidonge vya kabatini ni deni, na tumekwisha kulilipa sisi. Ninyi mnaofanya kazi kwenye maduara na makarasha, mwagieni mawe maji kabla ya kuyasaga, fungeni pua na mdomo, na yeyote anayekohoa zaidi ya majuma mawili akapime makohozi. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Na mkiugua, iteni padri mapema. Tutakuja, nasi tumeahidi kusali kwa ufupi.

Jambo la mwisho linatuhusu sote. Halmashauri ya Walei imekubali kufungua mfuko wa makatekista, na katekista wetu amepewa sehemu ya shamba la mpunga la parokia alilime kwa faida ya nyumba yake. Bado haitoshi, na hatutaki kuwadanganya kwamba inatosha. Dominika ijayo sadaka ya pili itakuwa ya mfuko huo. Saruji itasubiri.

Siku hizi, wakati wa masomo, mkisikia mtu anakohoa kanisani, msigeuke kumtazama kwa jicho baya, kama sisi tulivyofanya. Baada ya Misa mfuateni nje, mmuulize kikohozi kimeanza lini.

Katekista amerudi kwenye kisomeo tangu Pasaka. Husoma taratibu, na mwisho wa kila aya hupumzika kidogo. Tunamngoja.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.

Wenu katika Kristo,
Paroko